Oda ya Pakiti Elfu Mbili

Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 2024, siku ya kugawana akiba, wanawake 28 walikaa kwenye mabenchi ndani ya chumba cha kushonea, Base Camp, makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mezani kulikuwa na lile sanduku la bati lenye kufuli tatu. Wenye funguo walikuja mbele mmoja mmoja, kila mmoja akafungua kufuli yake, kifuniko kikainuliwa. Daftari lilisema mle ndani kuwe na shilingi za Uganda 8,400,000. Zikahesabiwa mara mbili. Zilikuwa 2,400,000.

Hakuna aliyeiba. Kila mtu alijua milioni 6 zimekwenda wapi: ziligeuka kitambaa, kitambaa kikageuka taulo za kike, taulo zikapelekwa Mbarara kwa shirika kubwa lililoziagiza, na shirika hilo lilikuwa bado halijalipa. Lakini kujua hakupiki ubwabwa wa Krismasi. Mama mmoja wa Kivu, mtu mpole ambaye kwenye mikutano huwa hasemi neno, alimwambia mwenyekiti wa kikundi bila kuinua sauti: “Mama Prezida, mimi akiba yangu sikuwakopesha wakubwa. Niliiweka kwenye sanduku.”

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, vitabu vya hesabu mapajani. Mimi ni mhasibu, naishi Mbarara, na tangu 2022 nimekuwa nikiwasaidia kina mama hawa vitabu vyao bila malipo, mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ninapoeleza kisa hiki sijitoi: karatasi iliyoonyesha kwamba oda ile ina faida niliipiga hesabu mimi. Wamekubali niandike. Jina la kikundi na la mteja nayaacha.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo Wakongo wamejaa, na sokoni utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Goma na cha Uvira kabla hujasikia Kinyankole. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, ndiyo maana hapa watu wana vinyozi, vinu vya kusaga, maduka ya simu, na mafundi cherehani kila kona.

Kikundi kilianza 2017. Mwaka ule taulo za kike zilikuwa habari ya nchi nzima. Rais alikuwa ameahidi kwenye kampeni kuwapa wasichana wa shule bure. Februari 2017 waziri wa elimu, Janet Museveni, akaliambia Bunge kwamba fedha hazipo. Stella Nyanzi wa Chuo Kikuu cha Makerere akaanza kuchangisha watu, na mwezi Aprili akakamatwa kwa maneno aliyoyaandika Facebook. Kina mama wa Nakivale hawakuwa na siasa ndani yake. Walikuwa na mabinti waliokosa shule siku nne kila mwezi, na walijua kushona. Mfadhili mmoja aliwapa cherehani 12 za miguu na ruzuku ya vitambaa, wakasajiliwa wilayani kama shirika la jamii, na kila muhula wakawa wanapeleka pakiti shuleni. Nne kwa pakiti, za kufua na kutumia tena.

Halafu shule zikafungwa. Machi 2020 hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Mradi ukasimama, na mfadhili alipomaliza mkataba hakurudi. Ila katikati ya ukame huo kulitokea kitu ambacho nadhani ndicho chanzo cha kisa chote, ingawa wenyewe hawakukitaja mpaka nilipouliza: barakoa. Mwaka 2020 kila mtu alitaka barakoa za kitambaa. Mtu anakuja mlangoni, anachagua kitenge, anatoa pesa, anaondoka. Leo umeshona, leo umelipwa. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuuza kitu kama kikundi, na ilikuwa tamu. Semina za “kujitegemea” zilipokuja baadaye, za wale vijana wenye projekta wanaowaambia watu wa makazi wawe wajasiriamali, kina mama walitikisa vichwa: hii tunaijua. Walichokijua ni biashara ya mlangoni. Ile waliyokuwa wanahubiriwa ni nyingine kabisa.

Julai 2024 ukaja mwaliko wa kupeleka bei. Shirika la kimataifa lilitaka pakiti 2,000 za kugawa katika makazi mawili. Nilikaa na Mama Prezida na fundi mkuu, ambaye wote wanamwita yaya. (Kwa Wakongo yaya ni dada au kaka mkubwa, mtu wa heshima. Mimi niliyekulia Busia, ambako yaya ni msichana wa kulea watoto, ilinichukua muda kulitamka bila kucheka.) Tulipiga hesabu pakiti kwa pakiti: flana, kile kitambaa cha kati kisichopitisha maji, vifungo vya kubana, uzi, mfuko, nauli, na ujira wa 3,000 kwa mshonaji. Ikatoka 12,500. Tukaandika bei ya 16,000. Mara 2,000 ni milioni 32, gharama milioni 25, ziada milioni 7. Kwa milioni 7 unashona pakiti 560 za kuwapa wasichana bure. Mama Prezida aliitazama ile namba 560 kama mtu anayetazama picha ya mtoto aliye mbali. Kwa mwaka mzima uliotangulia walikuwa wamegawa chini ya 200.

Barua ya oda ikaja na masharti kurasa tatu. Malipo siku 30 baada ya mzigo kupokelewa na kukaguliwa. Hakuna malipo ya awali.

Hapo ndipo nilipopaswa kuinua kichwa. Miaka ya mwanzo kikundi kiliishi kwa ruzuku, na ruzuku, pamoja na makero yake yote ya ripoti na picha na saini za mahudhurio, ina tabia moja ambayo hakuna anayeiona mpaka iondoke: hutangulia kazi. Pesa inakuja, kitambaa kinanunuliwa, kazi inafanyika, mfadhili anasubiri ripoti. Mauzo kwa shirika kubwa yanageuza mpangilio huo chini juu. Kazi kwanza, ripoti ya ukaguzi pili, pesa baadaye. Na kazi ya milioni 25 lazima mtu aigharamie mpaka siku ya kulipwa. Kampuni ina mtaji wake au inakwenda benki. Kikundi cha wakimbizi kisicho na hati ya ardhi kinakwenda wapi?

Kilikwenda kwa wanachama wake. Kikundi kilikuwa na milioni 9. Mwenye duka wa Kiyembe, ule uchochoro wa vitambaa wa Kampala, aliwakopesha mali ya milioni 4 kwa sababu alimjua yaya. Washonaji walikubali kungojea ujira wao wote, milioni 6. Zilizobaki, milioni 6 nyingine, zilitoka kwenye sanduku la akiba katikati ya Septemba, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi kama mwanachama yeyote anayekopa. Mwaka wa sanduku unafungwa Desemba, mzigo utapelekwa Oktoba, malipo Novemba. Kwenye karatasi ilikaa sawa.

Ukiitazama kwa jicho la hesabu, wanawake 28 wa Nakivale, ambao wengine Julai 2023 walitolewa kwenye orodha ya chakula Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kuwagawa watu kwa makundi ya uhitaji, walikuwa wameikopesha taasisi ya kimataifa. Tena bila riba, maana riba ya sanduku walijilipa wenyewe.

Mzigo ulifika Mbarara tarehe 15 Oktoba. Mkaguzi alikataa pakiti 140 kwa sababu vifungo vya kubana vilikuwa vinaachia. Ni haki yake, na vilikuwa vinaachia kweli. Nilijaribu kimoja mwenyewe kikaruka mpaka chini ya meza. Marekebisho 700,000. Safari ya pili ya gari 600,000. Cherehani mbili zilikufa kwa kazi ya usiku, 480,000. Siku 30 zikapita. Nilipopiga simu niliambiwa kwa adabu kabisa kwamba faili liko Kampala, kisha kwamba aliyepaswa kusaini yuko likizo, kisha kwamba mfumo wa malipo hufungwa Desemba. Sidhani kuna mtu aliyewafanyia hila. Ofisi kubwa ndivyo zinavyolipa, na mwuzaji mkubwa huwa ameshaliweka hilo ndani ya bei yake. Sisi hatukuweka.

Pesa ziliingia Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025, siku ya 94. Hazikuwa milioni 32. Mteja alikuwa wakala wa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mwuzaji, kwa hiyo alikata asilimia 6 kwa ajili ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda: 1,920,000. Watu wengi hudhani kikundi kisicho cha faida hakiguswi na kodi kwa jina lake tu. Sivyo. Msamaha unahitaji uamuzi wa maandishi wa kamishna, na hata ukiupata, mapato ya biashara isiyohusiana na kazi iliyokufanya uwepo hayasamehewi. Taulo zinahusiana, tungeweza kujitetea, lakini karatasi hatukuwa nayo. Kuirudisha ile pesa ni safari nyingine na faili lingine, na bado tumo njiani.

Riba ya sanduku, miezi minne, 1,200,000. Ukiyatoa yote hayo kwenye milioni 7 inabaki 2,100,000. Ndizo pakiti 168, si 560. Hapo sijahesabu uchakavu wa cherehani, ambazo zilikuwa za msaada na kwa hiyo kwenye hesabu yangu ya Julai ziligharimu sifuri. Ukweli ni kwamba ile bei ya 16,000 ilikuwa imebebwa na mfadhili aliyeondoka zamani.

Lakini fedha si sehemu iliyoniumiza zaidi. Kuanzia Agosti hadi katikati ya Oktoba hakuna hata taulo moja iliyoshonwa kwa ajili ya shule za Nakivale. Muhula wa tatu ulifunguliwa Septemba, na kwa mara ya kwanza tangu shule zifunguliwe upya kikundi hakikwenda. Hakuna aliyeamua hivyo. Mteja alikuwa na tarehe, na tarehe yake ilikuwa na adhabu ya kuchelewa iliyoandikwa kwenye ukurasa wa pili. Msichana wa darasa la sita hana ukurasa wa pili. Katika chumba chenye cherehani 12, kazi isiyo na adhabu ndiyo inayoahirishwa, kila siku kidogo, mpaka muhula unaisha. Watu wanaposema biashara hubadili malengo ya shirika, hufikiria mkutano ambapo viongozi wanakaa na kugeuza katiba. Mimi sikuuona mkutano huo. Niliona ubao wa kazi ukutani, na mstari ulioandikwa “shule” ukifutwa kwa kitambaa chenye maji na kuandikwa chini zaidi, wiki baada ya wiki.

Hata taulo yenyewe ilibadilika. Zile za zamani zilifunikwa kwa masalio ya vitenge, kila moja rangi yake. Mteja alitaka buluu iliyokoza, zote sawa, na lebo nyeupe pembeni yenye nembo ya mradi. Nilidhani ni bora, zinaonekana za kiwandani. Yaya ndiye aliyenifungua macho. “Kaka, wewe hujawahi kuzianika,” aliniambia. Taulo ya kufua inatakiwa ikauke juani, ndiyo usalama wake. Ya kitenge ukiianika kwenye kamba inaonekana kama kipande cha nguo tu, mjomba akipita hajui ni nini. Ya buluu yenye lebo kila mtu anaijua, kwa hiyo msichana anaianika chini ya godoro. Haya hayakuwa kwenye masharti ya kurasa tatu kwa sababu aliyeyaandika hakuwa mtumiaji, na aliyelipa hakuwa mtumiaji. Kwenye biashara ya mlangoni mnunuzi na mtumiaji ni mtu mmoja, na bidhaa mbaya inarudishwa kesho yake. Hapa nani angerudisha?

Na Jumatano. Tangu 2017, Jumatano mchana ilikuwa ya shule: kina mama wanakuja, wanashona bila malipo, kuna chai na mandazi, watoto wanalala kwenye mafungu ya vitambaa. Baada ya oda walikuja watano, mara nyingine wanne. Kuna utafiti maarufu uliofanywa katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na kuchapishwa mwaka 2000: wazazi waliokuwa wakichelewa kuwachukua watoto walipoanza kutozwa faini, waliochelewa wakaongezeka, na faini ilipoondolewa hawakurudi kama zamani. Kilichokuwa aibu kiligeuka bei. Mtu anaweza kuichukua hadithi hiyo na kusema: ndivyo ilivyokuwa Nakivale, mshono ulipopata bei ya 3,000 moyo ukafa.

Mimi siikubali moja kwa moja. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini haji tena Jumatano. Alinijibu kama anayemjibu mtoto: “Mwanangu, wakati ule nilikuwa napewa unga.” Kwake saa tatu za Jumatano hazikuwahi kuwa bure. Zilikuwa zinalipiwa na mgao wa chakula, kimya kimya, na mgao ulipokatika mtu akaanza kuzihesabu saa zake. Oda ilikuja kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na njaa. Hilo ni tofauti na tamaa, na ni tofauti na Haifa.

Uganda ina mashirika yaliyovuka kutoka hisani kwenda biashara na yakasimama. Centenary ilianza 1983 kama mfuko wa maendeleo vijijini na mwaka 1993 ikawa benki ya biashara. Mfuko wa fedha wa wanawake ulioanza 1984 leo ni Finance Trust Bank. Uganda Microfinance Union ya 1997 ilipata leseni ya kupokea amana chini ya sheria ya 2003, na mwaka 2008 ikanunuliwa na benki ya Equity ya Kenya. Unaweza kubishana kama maskini alibaki mteja wao au alibaki kwenye picha ya kalenda. Lakini yote yalivuka na mtaji mkononi na kwa jina jipya la kisheria. Semina za kujitegemea huonyesha mifano kama hii, halafu zinamwambia mwenye cherehani 12 afuate nyayo.

Tulikaa kikao wiki ile ile pesa zilipoingia. Sanduku lilirudishiwa milioni 6 na riba yake, washonaji wakalipwa, mwenye duka wa Kiyembe akalipwa. Wakakubaliana kwamba hakuna oda tena bila malipo ya awali ya asilimia 40, kwamba sanduku halitaguswa kwa kazi za oda, na kwamba pakiti 50 za kwanza za kila mwezi ni za shule kabla mashine haijagusa kitambaa cha mteja. Mama Prezida alitaka yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe ukutani, si kwenye faili langu. Yako ukutani.

Ila kulikuwa na oda ya pili, iliyokubaliwa Desemba kabla ya busara hizo, na kitambaa cha pakiti 600 kilikuwa kimeshakatwa. Jumatatu ya tarehe 20 Januari, siku tatu baada ya sisi kulipwa, rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha mteja wetu aliandika kwamba oda imesimamishwa. Ndipo ilipoonekana “soko” letu lilikuwa nini. Miezi sita tulijisifu kwamba kikundi sasa kinajitegemea, kimeacha kuomba, kinauza. Pesa ilikuwa ile ile ya wafadhili, ila safari hii ilikuja imevaa koti la mteja, na kwa sababu ya koti hilo ilikuwa na haki ya kuchelewa, kukataa na kuondoka bila barua ya pole. Mfadhili wa zamani angalau alikuja kuaga.

Jumatano moja ya Februari, muhula wa kwanza ukiwa umefunguliwa, nilifika nikakuta wanawake 11. Vipande vya buluu vilikuwa vimerundikwa katikati ya mkeka, lebo nyeupe zikiwa zimeshashonewa pembeni. Kila mmoja alikuwa na wembe. Walikuwa wanazifumua, mshono kwa mshono, polepole ili kitambaa kisichanike, na nembo zilianguka kwenye beseni la plastiki lililokuwa karibu na birika la chai. Yaya alikuwa amekaa kwenye cherehani, anafunika buluu kwa kitenge. Pakiti 90 zilikuwa tayari kwenda shuleni siku ile. Ukiishika moja na kuigeuza, pembeni utaona mstari wa matundu madogo pale lebo ilipokuwa.